Kilomita za Angani, Saa za Ardhini

Mazungumzo ya leo yanahusu swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, kila mara mtu wa familia anapofunga safari ya Marekani au anapotarajiwa kurudi: kutoka Nairobi hadi Minneapolis ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua saa ngapi? Hayo ni maswali mawili ndani ya moja, na inafaa yatenganishwe tangu mwanzo, kwa sababu umbali kati ya viwanja viwili vya ndege haubadiliki mwaka nenda mwaka rudi, ilhali muda wa kuuvuka umbali huo hubadilika kwa upepo, kwa majira, kwa njia ambayo kampuni ya ndege imeichagua, na hata kwa upande ambao abiria anaelekea.

Minneapolis haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na hasa katika miji ya Brooklyn Park na Brooklyn Center iliyo kando ya Minneapolis, wamekaa Abagusii wengi kiasi kwamba mtu anayetoka Nyansiongo au Ogembo huweza kusali Jumamosi nzima huko kwa Kigusii bila kulazimika kutafuta mkalimani. Wengi wao hufanya kazi za uuguzi na za kuwatunza wazee, na wengi wana mama, shangazi au ndugu wanaowangojea nyumbani wakihesabu saa. Kwa hiyo masafa ya kwenda Minnesota, ambayo kwingineko yangekuwa swali la mtihani wa jiografia, katika kaunti hizi mbili ni jambo la sebuleni.

Jambo la kwanza, basi, ni umbali. Wanajiografia hupima umbali wa angani kwa kufuata kile wanachokiita duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya mahali pawili, ambayo, kwa kuwa dunia ni tufe, haiwi mstari ulionyooka bali ni kipande cha duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Kwa kipimo hicho, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Minneapolis na Saint Paul ni takriban kilomita 13,150. Irudiwe kwa wale ambao redio zao zimekwaruza: ni kilomita elfu kumi na tatu na kidogo, na hiyo ni karibu theluthi moja ya mzunguko mzima wa dunia.

Je, njia hiyo fupi hupita wapi? Hapa ndipo ramani ya ukutani inapowapotosha wengi. Ramani iliyozoeleka madarasani hufuata mtindo aliouchapisha Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, na mtindo huo, ili uweze kuitandaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, huzivuta na kuzipanua nchi za kaskazini kupita kiasi. Mwanafunzi akiweka rula juu ya ramani ya namna hiyo na kuunganisha Nairobi na Minneapolis, mstari wake utapita kaskazini mwa Kongo, ukate Nigeria, utokee Mauritania na kuingia katika Bahari ya Atlantiki, naye ataamini kwamba Ulaya haiko njiani hata kidogo. Mwanafunzi huyo huyo akiiacha karatasi, akachukua tufe lililo juu ya meza ya mwalimu wa jiografia na uzi wa kushonea, akaubana uzi kwa kidole juu ya Nairobi na kuukaza mpaka Minneapolis, ataona uzi ukijivuta wenyewe kuelekea kaskazini: unapita juu ya Sudan Kusini na Sudan, unakata jangwa la Sahara katika Chad, Libya na Algeria, unavuka Hispania, unaingia Atlantiki ya kaskazini, unagusa pwani ya Labrador nchini Kanada, kisha unashuka kuingia Minnesota kutoka upande wa kaskazini mashariki. Jaribio hilo halihitaji zaidi ya dakika tano, na shule yoyote ya Nyamira yenye tufe, hata lile lililobonyea, inaweza kulifanya kesho asubuhi.

Likishaeleweka hilo, jambo la pili hujifungua lenyewe. Abiria wengi hulalamika kwamba wanazungushwa wanapopelekwa Minnesota kwa kupitia Amsterdam nchini Uholanzi. Je, kweli wanazungushwa? Kutoka Nairobi hadi uwanja wa Schiphol wa Amsterdam ni karibu kilomita 6,700, na kutoka Schiphol hadi Minneapolis ni karibu kilomita 6,700 vilevile, hivi kwamba Amsterdam iko takriban katikati ya safari, na jumla ya vipande hivyo viwili haiizidi ile njia fupi kabisa kwa hata kilomita 300. Ndege ya abiria inayokwenda kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa huzimaliza kilomita 300 kwa dakika ishirini. Kuzunguka ambako kunasemwa, kwa hiyo, ni kwa dakika ishirini tu, na ni umbali usiozidi ule wa kutoka Kisii hadi Nairobi.

Njia ya Dubai ni habari nyingine. Anayepelekwa kwanza Dubai, kisha Chicago, kisha Minneapolis, hupita jumla ya kilomita zinazokaribia 15,700, kwa maana huanza safari ya kwenda magharibi kwa kuelekea mashariki. Hizo ni kilomita zaidi ya elfu mbili na mia tano za ziada, ambazo ni takriban saa tatu za kukaa kitini, na zaidi ya hapo kuna mabadiliko mawili ya ndege badala ya moja. Tiketi ya njia hiyo wakati mwingine huwa nafuu, na kila mtu huujua mfuko wake. Lakini anayemnunulia mama mwenye umri wa miaka sabini tiketi ya namna hiyo kwa sababu ya dola mia moja afikirie pia magoti ya mama.

Wengine watauliza kwa nini ni Amsterdam, wala si Paris, London au Roma. Jibu halimo katika jiografia peke yake. Limo pia katika historia ya biashara. Minneapolis ilikuwa kitovu cha Northwest Airlines, kampuni ya Minnesota, na mwaka 1989 shirika la ndege la Uholanzi, KLM, lilinunua hisa katika Northwest, jambo lililozaa ushirikiano ambao uliifanya Amsterdam kuwa mlango wa Minnesota upande wa Ulaya. Miaka saba baadaye, mwaka 1996, serikali ya Kenya ilipokuwa inabinafsisha Kenya Airways, KLM hiyo hiyo ilinunua asilimia 26 ya hisa. Northwest iliunganishwa na Delta mwaka 2008 na jina lake likatoweka, lakini njia ilibaki. Kwa maneno mengine, mikataba miwili iliyotiwa saini na watu ambao huenda hawakuwa wamewahi kusikia jina la Nyamira ilitengeneza barabara ya angani ambayo watu wa Nyamira wameitumia tangu wakati huo, na kwa bahati njema barabara hiyo ilikuwa imenyooka.

Vipi kuhusu ndege isiyotua njiani? Mnamo tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuipa Kenya, mwezi Februari 2017, daraja la kwanza la usalama wa anga linalotakiwa. Umbali wake ni takriban kilomita 11,840, na muda uliotangazwa ulikuwa saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Kwa jamaa wa Jersey City, jirani na New York, safari hiyo ni neema. Kwa anayekwenda Minnesota hesabu ni tofauti, kwa sababu kutoka New York bado anabakiwa na karibu saa tatu angani, na kwa kuwa sheria ya Marekani humtaka kila abiria apite uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza anaotua, hulazimika kuyachukua masanduku yake New York, kupita nayo mbele ya maafisa na kuyakabidhi upya kabla ya kupanda ndege ya pili. Aliyepita Amsterdam huikuta forodha ya Marekani mwisho wa safari, Minneapolis kwenyewe, ambako akizuiliwa kwa saa nzima kwa ajili ya mfuko wa unga wa wimbi au mboga za chinsaga zilizokaushwa, hakuna ndege nyingine itakayomwacha.

Na kwa nini hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Minneapolis? Ndege ya aina ya Boeing 787-8, ambayo Kenya Airways huitumia kwenda New York, hukadiriwa na mtengenezaji wake kuweza kuruka takriban kilomita 13,500, na kilomita 13,150 za Minneapolis, zikiongezewa upepo wa mbele na akiba ya mafuta ambayo sheria hudai, hazimwachii rubani nafasi ya kupumua. Isitoshe, Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi huyapa mabawa na injini nguvu ndogo, hasa jua linapokuwa kali; ndiyo maana ndege nzito za masafa marefu hupenda kuondoka usiku, wakati baridi imeifanya hewa kuwa nzito kidogo, na ndiyo maana njia ya kurukia ya uwanja huo ni ndefu kupita kilomita nne. Ndege zenye uwezo mkubwa zaidi zipo: mwezi huo huo wa Oktoba 2018 Singapore Airlines ilianza tena kuruka kati ya Singapore na New York, zaidi ya kilomita 15,000, bila kutua. Lakini ndege ya namna hiyo hujazwa na matajiri wa miji miwili mikubwa ya biashara, na Abagusii wa Minnesota, pamoja na wingi wao, hawasafiri kila usiku.

Umbali umetosha. Sasa yaje mambo ya muda, na kwanza lipo swali ambalo watoto huliuliza na wakubwa huona haya kuliuliza: ikiwa dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa nini ndege isipande juu tu na kusubiri Minnesota ijilete? Sababu ni kwamba hewa yote huzunguka pamoja na dunia, na ndege, pamoja na uwanja ilikotoka, ilikuwa tayari inazunguka kwa mwendo uleule kabla haijaacha ardhi. Kinachoiharakisha au kuichelewesha ndege ni mwendo wa hewa yenyewe juu ya ardhi, yaani upepo.

Upepo unaohusika hapa si ule unaoangusha migomba. Kwenye kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, ambako ndege kubwa huruka, ipo mikondo myembamba ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wataalamu wa hali ya hewa huiita mikondo ya jeti. Mikondo hiyo hutokana na tofauti ya joto kati ya nchi za ncha ya kaskazini na nchi za karibu na ikweta, na kwa sababu tofauti hiyo huwa kubwa zaidi wakati wa baridi ya kaskazini, upepo nao huwa mkali zaidi katika miezi ya Desemba, Januari na Februari. Mwendo wake mara nyingi huzidi kilomita 160 kwa saa, na zipo siku unapozidi 300. Anayeogelea katika mto Gucha wakati wa masika hahitaji maelezo zaidi: mikono ni ile ile, nguvu ni zile zile, lakini kushuka na maji na kupanda dhidi ya maji si kazi moja. Ndege inayotoka Amsterdam kwenda Minneapolis huwa inapanda dhidi ya mkondo na huchukua karibu saa tisa. Ikirudi, ikisukumwa na mkondo ule ule, huchukua karibu saa nane. Kilomita ni zile zile. Marubani huwa hawaukubali upepo huo hivi hivi, bali wapangaji wa safari huchora njia mpya kila siku: ndege zikienda Marekani, husogea kaskazini au kusini ili kuukwepa, na zikirudi, huutafuta kwa makusudi.

Kati ya Nairobi na Amsterdam, ambako njia huelekea zaidi kaskazini kuliko magharibi, upepo huo hauna athari kubwa kama hiyo, na safari huchukua karibu saa nane na nusu. Hapo kikwazo ni wanadamu. Tangu vita vya Sudan vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023 anga ya nchi hiyo imekuwa ikiepukwa na ndege nyingi za abiria, na Libya nayo mashirika mengi yamekuwa yakiiepuka kwa miaka, hivi kwamba ule uzi uliokazwa juu ya tufe la mwalimu hupita hasa mahali ambapo rubani hathubutu kupita. Ndege hulazimika kuzunguka, na dakika zinazoongezeka hapo zinaweza kuzidi zile ishirini ambazo abiria alikuwa anailaumu Amsterdam.

Yafaa pia ielezwe maana ya muda unaoandikwa kwenye tiketi. Muda huo hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi, wala hauishii yanapoigusa. Huanza ndege inapoondoka kwenye egesho lake na kwisha inapoegeshwa upande wa pili, ukijumlisha kutambaa kwenye njia za uwanjani na foleni ya kusubiri kuruka. Kwa hiyo mtu anayefuatilia ndege kwenye simu yake akaona imekaa angani dakika chache kuliko tiketi inavyosema asidhani rubani amekimbizana.

Na saa zenyewe ni za wapi? Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali ndege ilipo wakati huo. Minnesota iko nyuma ya Kenya kwa saa tisa wakati wa baridi na kwa saa nane wakati wa joto. Mtego mkubwa zaidi, ambao umewaacha watu uwanjani wakilia, ni wa tarehe. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 14, kwa sababu hesabu ya kizungu hubadilisha siku katikati ya usiku, wakati mkulima wa Ekerenyo huanza siku yake kwa jua. Abiria wa tiketi hiyo hutakiwa kuwa Nairobi jioni ya tarehe 14. Irudiwe: jioni ya tarehe 14. Akilala nyumbani usiku huo ili aondoke na basi la asubuhi ya tarehe 15, ndege yake itakuwa imekwisha kutua Ulaya kabla hajafika Narok.

Narok imetajwa, na hapo ndipo mazungumzo haya yalipokuwa yakielekea tangu mwanzo. Ichukuliwe safari ya mfano wakati wa baridi. Abiria anaondoka Kisii mjini Jumatatu saa sita mchana kwa matatu, anapita Keroka, mji ambao kaunti mbili zimekuwa zikiuvutania, kisha Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, anapanda bonde la ufa kuingia Nairobi, na kwa saa sita au saba, ikiwa hakuna lori lililoanguka, anafika. Katika lango la uwanja wa Jomo Kenyatta abiria wote hushuka garini na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu, shangazi na kitenge chake, mtoto na viatu vyake vya sikukuu, huku dereva akipita na gari peke yake na kuwapakia tena upande wa pili. Ndege inaondoka saa sita kasoro dakika moja usiku. Inafika Amsterdam saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya huko. Abiria anangoja saa nne, anapanda ndege ya pili saa nne na nusu, na baada ya saa tisa anatua Minneapolis saa sita na nusu mchana, wakati ambapo Nyamira ni saa tatu na nusu usiku wa Jumanne na watoto wamekwisha lala. Akimaliza uhamiaji, akapata masanduku na kufika Brooklyn Park, zimekwisha pita takriban saa 35 tangu aondoke Kisii.

Kati ya saa hizo 35, ni saa ngapi alikuwa ndani ya ndege? Ni saa kumi na saba na nusu tu, yaani nusu. Nusu nyingine ilikwenda kwenye barabara, foleni, ukaguzi na viti vya kungojea. Na jambo la kushangaza zaidi ni hili: kilomita mia tatu na ushee za kwanza, kutoka Kisii hadi Nairobi, zilimchukua muda unaokaribia ule wa kilomita 6,700 za kutoka Nairobi hadi Amsterdam. Kwa hiyo anayetaka kuifupisha safari ya Minnesota hana haja ya kuwaza ndege iendayo kasi kuliko sauti. Aanze na Keroka.

Barabara hiyo ya Narok, isitoshe, haina tabia ya kutegemewa. Mwezi Machi 2018 mvua kubwa ilifungua ufa mkubwa ardhini karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliyoua watu wengi yalipita Mai Mahiu kwenyewe. Barabara ya kulipia ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Westlands hadi Mlolongo, imepunguza mateso ya kuuvuka mji kwa yule anayekubali kulipa, lakini haimsaidii aliyekwama Ntulele. Mtu mwenye busara huondoka na saa tatu za ziada wakati wa kiangazi, na wakati wa masika huondoka siku moja kabla.

Njia ya pili ni Kisumu. Kutoka Kisii, kwa kupitia Oyugis, Sondu na Ahero, ni zaidi kidogo ya kilomita mia moja, na wengi wa Nyamira huiunga barabara hiyo Sondu. Kisha ndege ya Kisumu hadi Nairobi hukaa angani chini ya saa moja. Anayenunua tiketi ya namna hiyo atakutana na herufi KIS, na asifurahi mapema akadhani Kisii imepata uwanja wake wa kimataifa, kwa maana herufi hizo tatu ni za Kisumu. Njia hii humpunguzia mtu saa mbili au tatu endapo ndege mbili zimewekwa katika tiketi moja, kwa sababu hapo kampuni ndiyo inayobeba jukumu la kumfikisha. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haimngoji, na hakuna wa kumlalamikia.

Halafu kuna Suneka, kiwanja kidogo kilicho mwendo wa dakika chache kutoka Kisii mjini, ambacho kwa mstari wa angani kiko karibu kilomita 250 tu kutoka Nairobi, mwendo wa dakika arobaini na tano kwa ndege ndogo. Wanasiasa hukikumbuka kiwanja hicho kila wakati wa kampeni, na helikopta zao hujua njia ya kufika huko. Ahadi ya kukiinua si ahadi ya anasa, kama wengine wanavyoisema, kwa sababu hesabu iliyotangulia inaonyesha kwamba ndege ya kuaminika kutoka Suneka, yenye saa zinazooana na ndege za usiku za Nairobi, ingeipunguza safari ya Minnesota kwa saa kadhaa. Hata hivyo ndege ya viti kumi na vinne au hamsini huhitaji watu wa kuijaza Jumanne ya kawaida, wala si Desemba peke yake, na hapo ndipo hesabu ya wafanyabiashara hutengana na ya wanasiasa.

Limebaki jambo moja zito, na wasikilizaji waliofiwa watasamehe likitajwa. Katika Gusii marehemu huzikwa nyumbani kwake, hata akifia Minnesota, na kamati za mazishi mara nyingi hupanga siku kwa kuhesabu saa za ndege. Mwili husafirishwa kama shehena, na shehena hufuata ratiba yake: hutakiwa cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhiwa kwa dawa na vibali vya pande zote mbili, hupangiwa nafasi katika ndege yenye uwezo wa kubeba, na ukifika Nairobi hupita katika sehemu ya mizigo, wala si pale jamaa wanaposimama na maua. Baada ya hapo kuna barabara ile ile ya Narok, usiku au mchana. Kamati inayotangaza mazishi Ijumaa kwa sababu ndege inatua Alhamisi imehesabu kilomita za angani ikazisahau saa za ardhini, na watakaosimama juani wakingoja ni wazee waliotoka mbali.

Kwa wanaotarajia wageni mwezi Machi, ijulikane pia kwamba Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya mwezi huo, ilhali Uholanzi hungoja Jumapili ya mwisho, na Kenya haisogezi kabisa. Kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu hivi Minnesota huwa nyuma ya Nyamira kwa saa nane, na Amsterdam bado iko nyuma kwa saa mbili kama ilivyokuwa Januari. Anayempigia simu jamaa aliyeko Schiphol katika wiki hizo aiangalie tiketi upya kabla ya kumwambia ndege imekwisha mwacha.